Kutoka ngoma ya kijijini hadi jukwaa la kimataifa: Njia ya mwimbaji kijana wa Karagwe na Kyerwa katika muziki wa lugha ya nyumbani

Katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kijana mwenye kipaji cha kuimba hukabiliwa mapema na uamuzi mmoja mzito: aimbe kwa Kiswahili ili aeleweke nchi nzima, au aimbe kwa Kinyambo na Kihaya, lugha zinazotumika harusini, kwenye mavuno na katika mazungumzo ya jioni nyumbani. Wengi huamini kwamba njia ya pili humfunga msanii ndani ya wilaya yake. Historia ya muziki wa Tanzania, na ya mataifa mengine, inaonesha kwamba wimbo wa lugha ya jamii unaweza kwenda mbali sana. Inaonesha pia kwamba wimbo unaweza kusafiri ukamwacha mwenyewe nyuma iwapo haki zake hazikuandikwa mapema.

Makala haya yanaeleza chimbuko la muziki huo katika wilaya hizo mbili, mifano ya wasanii waliotangulia, na hatua za kisheria ambazo msanii kijana, wazazi wake na wadau wanapaswa kuzifahamu.

Wilaya mbili, urithi mmoja

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipoanzishwa kwa kumegwa kutoka Karagwe. Wenyeji wa eneo hilo ni Wanyambo, ambao lugha yao, Kinyambo au Orunyambo kama wenyewe wanavyoiita, ni ndugu wa karibu wa Kihaya kinachozungumzwa Bukoba, Muleba na Missenyi. Lugha hizo zina uhusiano wa karibu pia na Kinyankole na Kikiga za kusini magharibi mwa Uganda. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na Mto Kagera ndio alama kuu ya mpaka huo. Kwa hiyo mwimbaji anayesimama Murongo na kuimba kwa lugha yake anaweza kufuatwa na msikilizaji aliye ng'ambo ya mto bila kuhitaji mkalimani.

Kabla ya ukoloni, eneo hilo lilikuwa Ufalme wa Karagwe, ambao makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Mwishoni mwa mwaka 1861, wasafiri wa Uingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walipokewa na Mfalme Rumanyika, na vitabu walivyovichapisha baadaye, mwaka 1863 na 1864, vinagusia ngoma na ala nyingine za muziki zilizosikika katika himaya hiyo. Jina la mfalme huyo linaendelea kutumika hadi leo katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019 sambamba na Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa.

Ala inayotambulisha zaidi ukanda huo ni enanga. Ni ubao uliochongwa na kufukuliwa mfano wa kihori kifupi, ambao uzi mmoja mrefu hupitishwa juu yake kwa kwenda na kurudi hadi kupatikana nyuzi kadhaa zenye sauti tofauti. Mpigaji huketi, huiweka enanga mbele yake au mapajani, na kuimba huku akipiga. Kwa desturi wapigaji wengi walikuwa wanaume, na kazi yao ilikuwa kutongoa tendi ndefu za mashujaa. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizichunguza tendi hizo za Wahaya, zikiwamo za Kachwenyanja, Rukiza na Mugasha, na mwaka 1983 alichapisha makala ya kitaaluma iliyotetea kwamba waimbaji wa enanga ni watunzi wa tendi kwa maana kamili ya neno hilo. Uchunguzi huo uliipa sanaa ya kijijini nafasi katika mjadala wa dunia kuhusu fasihi simulizi ya Afrika.

Lugha yenyewe nayo imewekwa katika maandishi. Mwaka 2002, chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Josephat Rugemalira alichapisha msamiati wa Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza. Kwa mtunzi kijana ambaye Kinyambo chake kimechanganyika na maneno ya shuleni na ya mjini, chapisho kama hilo ni nyenzo ya kazi. Humsaidia kurejea neno ambalo bibi yake alilitumia na ambalo wenzake wamelisahau.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa sehemu ya hazina ya Taifa na kuwahimiza wananchi waendelee kuzitumia na kujivunia. Kiswahili kinabaki kuwa lugha ya Taifa na ya mawasiliano mapana, na lugha za jamii ni chemchemi inayokilisha. Mwimbaji wa Kinyambo, kwa maana hiyo, anafanya kazi inayotambuliwa na Sera.

Saida Karoli: Mfano kutoka Kagera

Mfano ulio karibu zaidi na vijana wa Karagwe na Kyerwa ni wa Saida Karoli, mwimbaji aliyezaliwa mwaka 1976 na kukulia kijijini katika eneo la Bukoba. Simulizi za maisha yake zinaeleza kuwa alianza kupiga ngoma akiwa mtoto mdogo, kwa kufundishwa na mama yake. Alichokipata nyumbani ndicho alichokwenda nacho studio: ngoma, sauti yenye mvuto wa asili, na Kihaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wimbo wake "Maria Salome" ulisikika nchi nzima. Wasikilizaji wengi waliupa jina la Kiswahili la "Chambua kama Karanga", na kwa jina hilo ukapigwa redioni, kwenye mabasi, harusini na katika kumbi za starehe kuanzia Mwanza hadi Dar es Salaam. Umaarufu wake ulivuka mpaka na kufika Uganda na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Wakati huo muziki wa kizazi kipya ulikuwa unashika kasi, na vijana wengi waliamini kwamba mafanikio yanapatikana kwa kufuata mitindo ya mjini. Saida alifanikiwa kwa kuimba alichokijua.

Wimbo huo una somo la kiufundi kwa watunzi. Sehemu kubwa ilikuwa Kihaya, lakini palikuwa na maneno machache ya Kiswahili yaliyoweza kushikwa na mtu wa Lindi au Tanga. Msikilizaji alipewa mlango wa kuingilia, kisha akaachwa afurahie sauti na mapigo hata pale asipoelewa kila neno. Lugha ya nyumbani haikuondolewa ili wimbo upendwe.

Baada ya miaka ya umaarufu, jina la msanii huyo halikusikika sana kwa kipindi kirefu. Mwaka 2016, Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny alitoa wimbo "Salome", uliojengwa juu ya wimbo wa Saida. Vijana waliokuwa watoto wachanga, au ambao hawakuwa wamezaliwa wakati "Maria Salome" ikivuma, walirudi kuutafuta wimbo wa awali. Mwaka uliofuata, Saida mwenyewe alirejea na wimbo "Orugambo", akiimba tena katika lugha iliyomtambulisha.

Kisa hicho kinadhihirisha thamani ya kazi ya sanaa inayodumu. Wimbo uliotungwa na mwimbaji wa kijijini ulikuwa bado na uwezo wa kuzaa kazi nyingine miaka 15 baadaye. Swali linalomhusu kila mtunzi kijana leo ni hili: siku wimbo wake utakapohitajika tena, ni nyaraka gani zitakazoonesha kuwa ni wake?

Kutoka Ugogoni hadi Ulaya

Kagera haiko peke yake katika historia hii. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Mkoa wa Dodoma, aliimba kwa Kigogo akitumia zeze na ilimba, na alikuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 1996, kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake iitwayo "Chibite", na mwaka 2002 ikatoka "Assembly", aliyoifanya pamoja na mwanamuziki Michael Brook. Zawose alifariki dunia Desemba 2003 akiwa amekwishaufikisha muziki wa Wagogo katika majukwaa ya mabara mengi.

Urithi huo haukuishia kwake. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu "Maisha" mwaka 2024 kupitia kampuni hiyohiyo. Katika muziki wa familia hiyo, wanawake walizoea kubaki nyuma wakiitikia na kucheza. Sasa wao ndio wanaoongoza. Kwa mabinti wa Karagwe na Kyerwa wanaopenda kujifunza enanga au ngoma, huo ni ushahidi kwamba desturi inaweza kupokewa kwa heshima na bado ikatoa nafasi mpya.

Muziki wa mpakani: Somo kutoka Mexico na Marekani

Hali ya kijana wa Kyerwa, anayeishi kando ya mto ulio mpaka huku lugha yake ikizungumzwa au kueleweka pande zote mbili, ina mfano wake mbali na Afrika. Kati ya Mexico na Jimbo la Texas nchini Marekani unapita mto mwingine wa mpakani, Rio Grande. Kando ya mto huo ilikua sehemu ya muziki wa Kihispania ambao leo huuzwa duniani kwa jina la pamoja la muziki wa kimaeneo wa Mexico. Ndani yake kuna mitindo ya norteño, banda, mariachi, Tejano na corrido, ambayo ni nyimbo za kusimulia matukio na watu mashuhuri. Kwa namna hiyo ya kusimulia, corrido inaukaribia utendi wa enanga.

Selena Quintanilla, aliyezaliwa Texas mwaka 1971, alikulia katika nyumba iliyotumia zaidi Kiingereza. Baba yake alimwelekeza kuimba kwa Kihispania, lugha ya wazee wake, na mwanzoni alilazimika kukariri maneno ya nyimbo kabla ya kuimudu lugha yenyewe. Pamoja na bendi ya familia, Selena y Los Dinos, alipanda kutoka kwenye sherehe na maonesho madogo hadi kushinda tuzo ya Grammy mwaka 1994. Aliuawa Machi 1995 akiwa na umri wa miaka 23, na albamu iliyotoka baada ya kifo chake iliingia moja kwa moja katika nafasi ya 1 ya orodha ya albamu ya Billboard nchini Marekani.

Kizazi kilichofuata kimefika mbali zaidi. Mwaka 2023, wimbo "Ella Baila Sola" wa kundi la Eslabon Armado na Peso Pluma ulifika nafasi ya 4 katika orodha kuu ya nyimbo ya Billboard, ukiwa umeimbwa kwa Kihispania na kupigwa kwa ala za kimaeneo. Februari 2024, Peso Pluma alipata tuzo ya Grammy kwa albamu yake "Génesis". Mariachi nayo imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu mwaka 2011.

Mafanikio hayo yalikuwa na misingi mitatu. Kwanza, jamii zenyewe ziliendelea kuwaalika waimbaji wa lugha ya nyumbani katika harusi, ubatizo na sherehe za mtaa, hivyo msanii chipukizi alipata kipato na mazoezi kabla ya umaarufu. Pili, redio zilitenga muda kwa muziki huo. Tatu, nyimbo ziliandikishwa kwa majina ya watunzi, kiasi kwamba wimbo uliporudiwa na msanii mwingine, njia ya malipo ilikuwa inajulikana. Msingi wa kwanza upo tayari Karagwe na Kyerwa. Wa pili unategemea vituo vya redio vya Kagera, ambavyo hutangaza kwa Kiswahili lakini vinaweza kuzipa nyimbo za lugha za jamii nafasi katika vipindi vya muziki na utamaduni. Msingi wa tatu ndio unaohitaji elimu zaidi kwa wananchi.

Hatua ya kwanza: Kutambuliwa kama msanii

Taasisi ya Serikali yenye jukumu la kusimamia na kuendeleza sanaa nchini ni Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Msanii, kikundi cha ngoma, studio na mwandaaji wa matamasha hutakiwa kusajiliwa na Baraza na kupata kibali cha kuendesha shughuli zao.

Kwa msanii aliye wilayani, mlango wa kuanzia ni Ofisa Utamaduni wa Halmashauri. Ofisa huyo humpa maelekezo kuhusu taratibu za usajili, nyaraka zinazotakiwa na namna ya kuwasilisha maombi, na humjulisha kuhusu matamasha na mafunzo yanayotarajiwa. Msanii wa Karagwe atafika katika ofisi za Halmashauri mjini Kayanga, na wa Kyerwa katika Halmashauri ya wilaya yake. Ada na fomu hutolewa na taasisi husika; msanii anashauriwa kuzipata huko moja kwa moja badala ya kumtegemea mtu wa kati anayedai malipo ya ziada.

Kikundi nacho kinapaswa kuwa na katiba au makubaliano ya maandishi yanayoeleza wanachama ni nani, viongozi ni nani, na mapato yanagawanywa vipi. Vikundi vingi vya ngoma huvunjika pale wimbo mmoja unapoanza kuleta fedha na hakuna karatasi inayoonesha nani alitunga maneno, nani alipiga enanga na nani aliitikia.

Hatua ya pili: Kulinda wimbo

Ulinzi wa kazi za sanaa nchini unasimamiwa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, iliyotungwa mwaka 1999, ambayo mtekelezaji wake ni COSOTA, kwa sasa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Jina la Sheria hiyo lina maneno mawili yanayopaswa kueleweka.

Hakimiliki ni haki ya mtunzi wa kazi: aliyetunga maneno na aliyetunga sauti ya wimbo. Haki hiyo huwapo tangu kazi inapotungwa na kuwekwa katika hali inayoonekana au kusikika, na hudumu kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hakishiriki ni haki ya wale wanaoifikisha kazi kwa wananchi: mwimbaji na mpigaji ala, mtayarishaji wa kazi iliyorekodiwa, na chombo cha utangazaji. Wimbo mmoja, kwa hiyo, unaweza kuwa na wenye haki kadhaa kwa wakati mmoja.

Kusajili kazi COSOTA humpatia mtunzi kumbukumbu rasmi inayomsaidia kuthibitisha umiliki unapotokea mgogoro, na huiwezesha kazi yake kutambulika katika ugawaji wa mirabaha. Ni vyema usajili ufanyike kabla wimbo haujasambazwa. Leo hii wimbo ulioimbwa harusini Nkwenda unaweza kurekodiwa kwa simu ya mgeni mwalikwa na kuwekwa mtandaoni kabla ya sherehe kumalizika, na aliyeuweka akaonekana ndiye mwenyewe.

Ulinzi huo hauishii ndani ya mipaka ya nchi. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne unaohusu ulinzi wa kazi za fasihi na sanaa tangu mwaka 1994. Uganda, Rwanda, Marekani, Mexico na mataifa mengine mengi yanashirikiana kwa misingi ya mkataba huo au mikataba inayofanana nao, hivyo mtunzi wa Kitanzania anaweza kudai haki yake hata kazi inapotumika ugenini.

Wimbo wa mababu na wimbo wako

Suala linalowatatiza zaidi waimbaji wa muziki wa asili ni mpaka kati ya wimbo wa jamii na wimbo wa mtu binafsi. Nyimbo nyingi za harusi, za kubembeleza watoto na za kusifu ng'ombe hazina mtunzi anayejulikana. Ni mali ya jamii nzima, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ina sehemu mahsusi inayolinda sanaa za jadi ili zisitumiwe kibiashara kiholela.

Msanii anapochukua wimbo wa aina hiyo, akaongeza beti zake, akabadili mapigo na kuurekodi, anachomiliki ni mchango wake mpya: beti alizotunga, mpangilio wake wa muziki na sauti yake iliyorekodiwa. Hawezi kumzuia mwanakijiji mwenzake kuendelea kuimba wimbo uleule wa mababu. Pale anapokuwa na shaka, anashauriwa kuomba mwongozo BASATA na COSOTA kabla ya kuitoa kazi, na kutaja wazi katika maelezo ya kazi hiyo kuwa chimbuko lake ni wimbo wa jadi wa Wanyambo au Wahaya.

Adabu ya kijijini nayo inaelekeza hivyohivyo. Kijana aliyefundishwa utendi na mzee anapaswa kumtaja mzee huyo, na ikiwa mzee amerekodiwa akipiga enanga, basi naye ni mtendaji mwenye haki na anastahili kushirikishwa katika makubaliano.

Hatua ya tatu: Mkataba

Kipaji kinapoonekana, watu wa kumsaidia msanii hujitokeza: meneja, mmiliki wa studio, msambazaji wa mtandaoni. Msaada huo ni muhimu, kwa kuwa msanii wa kijijini mara nyingi hana fedha za kurekodi wala za kusafiri. Hata hivyo, makubaliano yanayohusu kuhamisha au kutoa leseni ya haki yanapaswa kuwa ya maandishi, na msanii asisaini karatasi asiyoielewa.

Kabla ya kusaini, masuala yafuatayo yawe yamejibiwa ndani ya mkataba:

- Nani anamiliki wimbo (maneno na sauti), na nani anamiliki rekodi?
- Mkataba ni wa muda gani, na unahusu nyimbo zipi?
- Mapato ya maonesho, redio, miito ya simu na majukwaa ya mtandaoni yanagawanywa kwa asilimia ngapi?
- Msanii mwingine akitaka kuurudia wimbo, ni nani atakayetoa ruhusa, na malipo yatakwenda kwa nani?
- Gharama za studio na video zinarejeshwa vipi, na nani anaweka hesabu?
- Mkataba unavunjwaje, na mgogoro utasuluhishwa wapi?

Mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na hana uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba wa aina hiyo peke yake. Mzazi au mlezi ndiye anayepaswa kusimama kwa niaba yake, na masomo ya mtoto yasivurugwe na ratiba ya maonesho. Mkataba ukiwa kwa Kiingereza, msanii ana kila sababu ya kudai tafsiri ya Kiswahili na kumshirikisha mwanasheria au Ofisa Utamaduni kabla ya kuweka sahihi. Anayekuharakisha usaini siku hiyohiyo ameshakupa sababu ya kusubiri.

Mirabaha na vyanzo vingine vya mapato

Mirabaha ni malipo anayostahili mwenye haki pale kazi yake inapotumika kibiashara redioni, kwenye televisheni, hotelini, katika baa au kwenye vyombo vya usafiri. Januari 2022, zaidi ya shilingi milioni 300 ziligawanywa kwa wasanii zaidi ya 1,000 nchini kutokana na matumizi ya kazi zao. Mabadiliko ya sheria ya mwaka huo yaliruhusu kuanzishwa kwa taasisi za wasanii zenye leseni ya kukusanya na kugawa mirabaha, huku COSOTA ikibaki kuwa msimamizi. Aidha, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilianzisha tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kunakili na kutunza kazi za sanaa.

Msanii ambaye kazi yake haijasajiliwa hawezi kuonekana katika mgawo. Ndiyo maana usajili una uzito uleule kwa mwimbaji wa harusi wa Kyerwa kama ulivyo kwa nyota wa Dar es Salaam.

Zaidi ya mirabaha, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo na kuratibu mafunzo kwa wadau wa sekta hiyo. Msanii anayetaka kununua ala, kurekodi au kuandaa onesho anaweza kufuatilia masharti ya Mfuko huo kupitia Ofisa Utamaduni wa Halmashauri yake. Mkopo ni deni linalorejeshwa, hivyo maombi yanapaswa kuambatana na mpango wa biashara unaotekelezeka.

Mafunzo na majukwaa

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ambayo chimbuko lake ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, hutoa mafunzo ya muziki, ngoma na maigizo, na huandaa tamasha la kila mwaka linalokutanisha vikundi kutoka mikoa mbalimbali na nje ya nchi. Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika tangu mwaka 2004 na limekuwa dirisha kwa wanamuziki wa Afrika wanaotumia lugha na ala zao.

Kwa Karagwe na Kyerwa, majukwaa ya karibu ni mengi kuliko yanavyohesabiwa: sherehe za Kitaifa zinazoadhimishwa kiwilaya, maonesho ya kilimo, mashindano ya shule, harusi, na shughuli za utalii zinazotarajiwa kukua kufuatia kutangazwa kwa hifadhi mbili za Taifa katika eneo hilo. Shule zina nafasi ya pekee. Mwalimu anayemwalika mzee mmoja mwenye enanga kufundisha wanafunzi kwa saa moja kwa wiki anaokoa sanaa ambayo studio haiwezi kuirudisha ikishapotea.

Wajibu wa wananchi

Mafanikio ya mwimbaji wa lugha ya jamii huanzia kwa wasikilizaji wake. Wananchi wanahimizwa kuwalipa wasanii wanaowaalika katika shughuli zao, kuomba ridhaa kabla ya kurekodi na kusambaza kazi, na kutaja jina la mtunzi kila wimbo unapotumika. Wamiliki wa hoteli, baa na vyombo vya usafiri wanakumbushwa kuwa na leseni ya kutumia muziki kibiashara.

Kwa kijana aliye Kayanga, Nkwenda au Murongo ambaye leo anautunga wimbo wake wa kwanza, mpangilio wa kazi ni mfupi na unawezekana: aandike maneno ya wimbo na tarehe ya kuyatunga, akubaliane kwa maandishi na wenzake waliomsaidia, aende kwa Ofisa Utamaduni kuanza usajili BASATA, aisajili kazi COSOTA, kisha ndipo aingie studio. Akifanya hivyo, wimbo wake unaweza kuvuka Mto Kagera, ukarudiwa na msanii mwingine miaka 15 baadaye katika jiji ambalo hajawahi kulifika, na bado ukarudi nyumbani ukiwa na jina lake na malipo yake.